Ndita za Upande Mmoja

Asubuhi moja ya Julai, pepo za kusi zikivuma Kona ya Musa, dada yangu alikuwa akimnywesha mwanawe chai kabla ya shule. Nje pikipiki zilikuwa zimeshaanza kupita kuelekea Diani, zimewapakia wapishi na walinzi wa hoteli, wawili wawili. Mtoto ana miaka saba. Chai ikamtoka pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto, ikadondokea shati jeupe la shule. Mama akamkaripia. Akampa tena, ikamwagika tena. Ndipo alipomshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlango.

Upande wa kulia ulikuwa mtoto wake. Upande wa kushoto ulikuwa umelala. Alipomwambia afumbe macho, kope la kulia lilishuka, la kushoto likabaki wazi, na mboni ikapanda juu ikaacha weupe mtupu. Mama akapiga ukelele. Mtoto, kwa hofu ya kumwona mama yake vile, akaanza kulia, na kilio chenyewe kikawa cha upande mmoja.

Kabla ya adhuhuri ua ulikuwa umejaa watu, na kila mtu alikuja na jina. Kapigwa na upepo. Ni baridi, kwa sababu analala kichwa kikielekea dirishani. Ni shetani aliyepishana naye chini ya mbuyu wakati wa magharibi. Mzee mmoja alisema kiharusi, akanyamaza, maana kiharusi tumezoea kukiona kwa watu wa umri wake. Bibi yetu hakutaja jina lolote. Aliuliza maswali. "Alishtuka usiku? Alirusha mikono? Alikuwa na homa?" Nilijua anakoelekea. Alikuwa akiutafuta nyuni, ugonjwa wa watoto ambao Wamijikenda wameujua vizazi na vizazi: mtoto anachemka mwili, anakakamaa, macho yanageuka. Ng'ambo ya mpaka, Bagamoyo na Pwani yote ya Tanzania, wanauita degedege. Watafiti walioketi na akina mama wa Kilifi na wa Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta kwamba, kwa sehemu kubwa, kinachoelezwa kwa majina hayo ni malaria kali iliyompanda mtoto kichwani. Mtoto wetu hakuwa na homa wala hakushtuka. Bibi akasema, "Basi si nyuni. Mpelekeni akaangaliwe."

Swali lake lilinikaa kichwani tangu siku ile. Mwanamke ambaye hakusoma shule alikuwa amefanya kazi ya tabibu: alitaja ugonjwa mmoja moyoni, akatafuta dalili zake, hakuziona, akauondoa. Nikataka kujua kazi hiyo ilianzia wapi. Mtoto anapopinda uso ghafla, nani alifundisha watu kumtazama, na watazame nini?

Lile jina la baridi nilianza kulifuatilia kwanza, kwa sababu lina asili ndefu kuliko tunavyodhani. Maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi. Makohozi mazito ya kifuani tunayaita balghamu. Maneno hayo yalishuka majahazini kutoka Uarabuni na Ghuba pamoja na elimu ya tiba ambayo Waarabu na Waajemi waliipokea kwa Wayunani wakaikuza: kwamba mwili umejengwa kwa joto, baridi, ukavu na umajimaji, na kwamba ugonjwa ni kuvunjika kwa mizani hiyo. Kwa waganga wa kitabu, uso uliopinda ulikuwa na jina lake kamili, lakwa, na mkosaji alikuwa balghamu, ubaridi wenye majimaji unaoziba njia za fahamu. Kwa hiyo jirani aliyelaumu dirisha alikuwa anarudia, bila kujua, fundisho lililoandikwa Baghdad miaka elfu na zaidi iliyopita.

Aliyeliandika kwa makini kuliko wote waliomtangulia ni Abu Bakr al-Razi, aliyezaliwa mwaka 865 katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, akasimamia hospitali ya kwao na ya Baghdad. Daftari zake za kazi, zilizokusanywa na wanafunzi wake baada ya kufa kwake na kuitwa al-Hawi, zina mlango juu ya uso uliopinda. Humo alitenganisha mambo ambayo wengine walikuwa wakiyachanganya. Uso unaweza kupinda kwa sababu msuli umevutwa ukakaza, na unaweza kupinda kwa sababu msuli umelegea. Chanzo kinaweza kuwa kwenye ubongo, na kinaweza kuwa nje ya ubongo. Kisha akaandika jambo dogo ambalo hatujui kama kuna aliyeliandika kabla yake: kwamba mgonjwa wa namna fulani hupoteza ndita za paji la uso upande ulioathirika. Mwaka 1279 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini kule Sisilia na Myahudi aitwaye Faraj ben Salim, kikasomwa Ulaya kwa karne kadhaa.

Nakiri kwamba nilipolisoma hilo la ndita nilisimama. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, Kona ya Musa, katika chumba kidogo chenye meza moja.

Hatukufika hapo moja kwa moja. Kwanza alipelekwa kwenye duka moja la dawa, akapewa vidonge vya malaria bila kutolewa tone la damu, tukaambiwa tusubiri siku tatu. Bibi alikataa. Jioni ileile tukaenda zahanati, tukamkuta afisa wa kliniki, dada wa makamo, anajiandaa kufunga. Aliweka mkoba chini. Hakumuuliza mama neno lolote kwanza. Alimketisha mtoto kwenye kiti chake mwenyewe, akaelekeza kidole juu ya dari, akasema, "Ndege hiyo! Inatua Ukunda. Umeiona?"

Mtoto akatupa macho juu. Upande wa kulia wa paji la uso ukakunjana ndita tatu, wazi kabisa. Upande wa kushoto ukabaki laini kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi.

"Vizuri," akasema.

Dada yangu alihamaki. "Vizuri vipi, daktari, na uso wake umekufa nusu nzima?"

"Tulia, mama. Nitakueleza."

Alichotueleza kilihitaji karne tisa kukamilika baada ya al-Razi. Charles Bell, mzaliwa wa Edinburgh mwaka 1774, alikuwa mpasuaji na mchoraji. Mwaka 1806 alitoa kitabu cha kuwafundisha wachoraji jinsi misuli ya uso inavyoonyesha hofu, furaha na uchungu. Mwaka 1815 alikwenda Brussels kuwatibu majeruhi wa vita vya Waterloo na akachora madonda yao. Mwaka 1821 alisimama mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London akaeleza majaribio yake juu ya mishipa ya fahamu: alipoukata mshipa fulani usoni mwa punda, pua ya upande ule iliacha kutanuka mnyama alipovuta pumzi, ingawa ngozi yake ilikuwa bado inahisi kuguswa. Kumbe mshipa wa kuhisi na mshipa wa kutikisa uso ni miwili, kila mmoja na kazi yake. Hata ile mboni iliyopanda juu ikamtisha dada yangu mlangoni, Bell aliiona na kuieleza: jicho la watu wengi hupanda vile wanapofumba, ila kope hulificha. Mjerumani Nicolaus Friedreich alikuwa ameandika juu ya wagonjwa watatu wa namna hii mwaka 1798, lakini jina lilikwenda kwa Bell kwa sababu ndiye aliyeuonyesha mshipa wenyewe.

Hapa Kiswahili kinatupa kazi. Tunasema mshipa kwa njia ya damu, kwa ukano, kwa neva, na Pwani tunasema mshipa pia kwa ugonjwa wa korodani kuvimba. Mama akiambiwa "mshipa wa mtoto umevimba" anaweza kuelewa mambo manne tofauti. Yule dada aliona kwamba hatujaelewa, akachukua mkono wa mtoto, akauchora kwa kalamu. Waya unatoka ndani ya ubongo, akasema, unapita katika mfereji mwembamba wa mfupa nyuma ya sikio, kisha unatokeza mbele ya sikio na kutawanyika usoni kama vidole vya mkono huu. Ukivimba ukiwa ndani ya mfupa, hauna pa kwenda. Ni kama kidole kilichovimba ndani ya pete.

Na ndita? Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, ilhali ya mdomo hutegemea zaidi upande mmoja. Ubongo ukijeruhiwa upande mmoja, mdomo hupinda lakini paji la uso huendelea kukunja ndita, kwa kuwa upande wa pili bado unaliamuru. Waya wenyewe ukizimika njiani, nusu nzima ya uso huzimika, paji na yote. Kwa hiyo uso unaotisha zaidi kuutazama ndio mara nyingi wenye hatari ndogo, na mtoto anayeweza bado kukunja ndita pande zote huku mdomo umepinda ndiye wa kukimbizwa hospitali kubwa usiku huohuo. Pwani yetu watoto hao wapo. Selimundu imeenea katika damu za watu wa Pwani, na mtoto mwenye ugonjwa huo anaweza kupatwa na kiharusi cha kweli akiwa bado darasa la kwanza. Yule mzee uani hakukosea kutaja kiharusi. Alikosa tu kipimo cha kukiondoa.

Baada ya hapo dada yangu alikuwa tayari kuondoka na jina la Bell kama mtu aliyepewa risiti. Afisa akamzuia. "Hilo la Bell ni la mwisho. Nalitoa nikishakosa mengine yote."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike historia hii.

Akawasha kitochi chake cha masikio, akachungulia la kushoto kisha la kulia. Katika nchi zetu sikio linalotoa usaha huachwa likatoa hata mwaka, likadhaniwa ni maji ya kuogelea. Mfereji wa ule waya unapita karibu kabisa na chumba cha kati cha sikio, na usaha ukila mfupa, uso hupinda. Akatafuta pia malengelenge madogo kwenye tundu la sikio, alama ambayo James Ramsay Hunt wa New York aliieleza mwaka 1907: virusi vya tetekuwanga vilivyojificha mwilini vikaamkia kwenye mshipa huo. Masikio ya mtoto yalikuwa safi. Ila alituambia jambo ambalo hatukuwa tumemuuliza: kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kikimuumiza sikio tangu jana. Afisa akatikisa kichwa kukubali. Kuna msuli mdogo kabisa ndani ya sikio unaopunguza makelele, nao hulishwa na waya uleule.

Kisha akamvua viatu. Akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi, achuchumae, asimame bila kushika kitu. Akapiga magoti yake kwa kinyundo.

Mtu wa umri wangu aliyekulia Pwani hahitaji kuelezwa kwa nini. Tulikua tukiwaona waliopoozwa na polio, mguu mmoja mwembamba kama mpini, chuma na ngozi vikiushikilia. Chama cha watu wenye ulemavu nchini, APDK, kilianzishwa mwaka 1958, na mwaka 1969 kikafungua karakana ya Bombolulu, kaskazini mwa Mombasa, ambako wengi wa waliotengeneza mikufu na mikoba walikuwa wamepoozwa na ugonjwa huo utotoni. Polio inaweza pia kushika uso. Mpango wa taifa wa chanjo ulipoanza mwaka 1980, matone ya mdomoni yakafika vijijini, na mwaka 1988 mataifa yakaazimia kuufuta ugonjwa huo duniani, wakati ambapo ulikuwa ukipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka. Azimio hilo lilizaa sheria ambayo kila mhudumu wa afya wa Kenya anaijua: mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, achukuliwe choo mara mbili, kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, kipelekwe kwenye baridi hadi maabara ya KEMRI Nairobi. Mwaka 2013 virusi vilirudi kupitia Somalia vikapooza watu 14 upande wa Garissa na Dadaab. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili. Lakini mkono wa yule dada bado ulipiga goti la mtoto kwa kinyundo, na iliporuka miguu yote miwili sawasawa nilimwona akishusha pumzi.

Hadi hapo nilikuwa nafuata. Kilichonishangaza ni pale alipoanza kumpapasa mtoto taya. Alipitisha vidole chini ya mashavu, ndani ya mdomo juu ya fizi, shingoni, kisha akamlaza na kumbonyeza tumbo polepole, kila pembe. Nikamuuliza uso uliolegea unahusianaje na tumbo. Akajibu kwa neno moja: "Burkitt."

Denis Burkitt alikuwa Mwairishi mwenye jicho moja, lile jingine alilipoteza akiwa mvulana wa miaka 11. Alifika Uganda mwaka 1946 kama mpasuaji wa serikali, akaanza Lira, kisha akahamia Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Si jipu, kwa sababu jipu halitokezi pembe nne kwa wakati mmoja. Si saratani anayoijua, kwa sababu hiyo nayo huanzia mahali pamoja. Angeweza kuandika lolote kwenye kadi na kupita. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alitupa jicho nje ya dirisha la wodi akamwona mtoto mwingine ameketi nyasini na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka mbio. Alipompapasa tumbo, akakuta uvimbe humo pia.

Akarudi Mulago akafukua majalada. Watoto wale walikuwepo miaka yote, ila kila mmoja alikuwa ameandikwa kwa jina la kiungo alichokutwa nacho: uvimbe wa taya kwa daktari wa meno, uvimbe wa figo, uvimbe wa ovari, wa ini, miguu iliyolegea, jicho lililotokeza. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza. Kisha akachapisha vikaratasi vyenye picha, akavituma hospitali za Afrika nzima akiuliza: mnawaona watoto hawa? Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri majuma kumi, takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda kupitia Tanganyika, Nyasaland na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Kila hospitali waliyofika waliuliza swali lilelile. Majibu yakachora ramani: ugonjwa ulikuwa kwenye joto na mvua, ukikoma milimani na kwenye ukame. Ramani ya ugonjwa ikafanana na ramani ya mbu. Pwani yetu imo ndani ya ramani hiyo.

Mwaka uohuo wa 1961, mwezi wa Machi, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na mtafiti mmoja wa virusi, Anthony Epstein, alikuwa ameketi akisikiliza. Sampuli zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaonyesha kirusi kipya ndani ya seli hizo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huidhoofisha kinga yake mpaka kirusi hicho kipate nafasi. Na dawa zilipojaribiwa, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache hata madaktari wenyewe wakashangaa. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hao, na hapo ndipo ilipozidi kuonekana kwamba ugonjwa huu hupenda kushika mishipa ya fahamu ya kichwani. Kuna mtoto ambaye taya halijavimba bado na tayari uso umelegea.

Nilimtazama yule dada akiuinua mkono wake kutoka tumboni mwa mtoto. Hakukuta kitu. Ningependa kila daktari wa watoto wa Pwani awe na mkono ule. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt akiambiwa ana Bell na kurudishwa nyumbani, majuma mawili ni mengi kwake, maana uvimbe huo huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu.

Akampima presha, kwa mkanda mdogo aliouazima chumba cha pili. Nilidhani presha ni ya wazee. Akasema mtoto mwenye ugonjwa wa figo uliojificha anaweza kupanda presha mpaka uso ukapinda, na hilo ndilo linalosahaulika kuliko yote kwa sababu hakuna anayekumbuka kumfunga mtoto mkanda. Akachukua damu: malaria, hesabu ya seli, na, baada ya kuongea na mama pembeni kwa upole, virusi vya UKIMWI. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Bangui, Afrika ya Kati, waliandika kwamba uso kupooza kunaweza kuwa ishara ya mapema ya virusi hivyo kwa mtu ambaye bado anajiona mzima. Hesabu ya seli ilikuwa na sababu yake pia. Lukemia inaweza kuanza kwa uso uliopinda, na dawa ya uvimbe ikitolewa haraka huififisha kwa muda, ikaja kugunduliwa imechelewa.

Dawa hiyo ya uvimbe ndiyo dada yangu aliyokuwa akiisubiri, maana jirani alikuwa ameshamtajia: prednisoloni. Historia yake kwa watoto ni fupi na inafaa kujulikana. Mdenmark Erik Peitersen aliwafuatilia wagonjwa 1,701 wa Bell kwa miaka 25 bila kuwapa dawa, na mwaka 2002 akaripoti kwamba asilimia 71 walipona kabisa wenyewe, watoto wakipona zaidi ya watu wazima. Mwaka 2007 Waskoti walionyesha kwamba prednisoloni ikianza ndani ya saa 72 inawasaidia watu wazima: baada ya miezi 9 asilimia 94 walikuwa wamepona, ikilinganishwa na asilimia 82 ya wasioipata. Miaka kumi na mitano watoto wakatibiwa kwa hesabu za wakubwa. Hatimaye mwaka 2022 yakatoka majibu ya jaribio lililofanyika Australia na New Zealand kwa watoto 187: baada ya mwezi mmoja, waliopewa dawa waliopona walikuwa asilimia 49, wasiopewa asilimia 57. Baada ya miezi sita karibu wote, kwa makundi yote mawili, walikuwa wamepona. Afisa alimweleza mama kwamba mtoto atapona na dawa au bila dawa, na kwa kuwa damu bado haijajibiwa, hataitoa usiku ule.

Alichotoa ni kijitubu cha mafuta ya macho. Hapo ndipo alipokuwa mkali kwa mara ya kwanza. Jicho lisilofumba hukauka, akasema, na hapa kwetu kuna mchanga na upepo. Jicho likichubuka, uso utapona na jicho litabaki na doa. Akamfundisha mama: kuvuta kope la chini kwa kidole gumba, kupaka mafuta kiasi cha punje ya mchele, kulifumba kope kwa mkono na kulibandika kwa plasta laini kutoka juu kwenda shavuni. Akamfanya arudie mara mbili mbele yake. Bibi, aliyekuwa kimya pembeni, aliomba naye ajaribu. Majuma yote yaliyofuata ndiye aliyeifanya kazi hiyo kila baada ya isha, kwa mikono inayotetemeka kidogo, akimsomea mtoto dua wakati plasta inashika.

Majibu ya damu yalikuwa safi. Afisa aliandika jina la Bell kwenye kadi, kisha chini yake akaandika tarehe nne za kurudi, ya mwisho ikiwa miezi mitatu mbele. Dada yangu akauliza, "Na akipona kabla?"

"Mlete hata akipona. Asipoanza kurudi ndani ya miezi mitatu, basi jina hili nimekosea, na itabidi tuvuke Likoni tukatafute picha ya kichwa."

Jicho ndilo lililorudi kwanza, juma la tatu. Mdomo ukafuata: alianza kuweza kusema "baba" bila hewa kutoroka. Kufika juma la sita majirani walishasahau, na mama wa upepo na baba wa dirisha kila mmoja alijihesabia ushindi. Dada yangu alimpeleka tarehe zote nne. Mara ya mwisho alikuwa amechoka kusubiri foleni, mtoto amenuna kwa sababu wenzake walikuwa wanacheza mpira. Afisa alimpapasa taya na tumbo upya, akamfunga tena ule mkanda mdogo. Kisha akainua kidole kuelekea darini.

"Ndege ile!"

Safari hii mtoto hakudanganyika. Hakutazama juu. Alimkunjia uso yule dada kwa hasira, ndita pande zote mbili.

Naye akachukua kalamu, akafunga kadi.